Upepo Kwenye Breki

…na bado mapovu, mapovu matupu, madogo madogo kama ya sabuni ya kufulia, yanapita kwenye mpira mwembamba mpaka ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, na oili inayoyafuata haina nguvu, inachuruzika tu, nafunga nati, nimefunga, haya achia, nampigia kelele Lukresia aliyekaa juu kwenye usukani, anaachia, pedali inarudi ikilia kama mlango wa stoo, pampu tena, anapampu, moja, mbili, tatu, haya kanyaga ushikilie, “nimeshikilia, Baba Sixbert,” anasema, kwa sauti ile ile ya tangu saa kumi na moja alfajiri, haina hasira hata chembe, na hiyo ndiyo inayonitesa, angefoka ningejua la kumjibu, mke wako akikufokea una pa kushika, lakini huyu amevua viatu vyake vya kanisani akavipanga chini kando ya mlango, naviona kutoka huku uvunguni, vyeupe, vimeelekea barabarani kama vitakwenda vyenyewe, na yeye yuko peku, kitenge kipya cha WAWATA, cha akina mama Wakatoliki, kiunoni, amekanyaga pedali ya gari lisilokuwa na breki, anangoja nifungue nati upepo utoke, na mimi nimeiwekea spana tu, sijaifungua, nimechoka, mgongo umeganda kwenye hili boksi nililotandika, redio ya jirani imeshatangaza saa moja, Misa ni saa nne, kutoka hapa Lizaboni mpaka monasteri ya Hanga ni mwendo wa saa moja na nusu kama mvua haijaharibu barabara, na imeharibu, basi saa mbili, ndugu wote wametangulia jana na lori, ni mimi niliyewaambia, kwa mdomo wangu huu, nendeni tu, sisi wazazi tutakuja na gari letu, nikaligonga boneti kwa kiganja kama anayegonga shavu la farasi, na sasa mama yangu, bibi Oliva, yuko kwenye kigoda karibu na ukuta, kuku wa zawadi mapajani, na kila anayepita njiani akisema shikamoo bibi, anamjibu marahaba mjukuu, tunakwenda Hanga, Sixbert wetu anaweka nadhiri za daima, tunangoja baba yake amalize kulala chini ya gari.

Kulala, eti, mimi niliyekuwa fundi mkuu miaka ishirini na mbili kwenye gereji ya ushirika, malori ya tumbaku ya Namtumbo yote yalipita kwenye mikono hii, na wakati ule spea hakuna, unaingia dukani unakuta chumvi na viberiti na muuzaji anapiga miayo, tulitengeneza kwa akili, rejeta ikivuja unatia unga wa mahindi, mkanda wa feni ukikatika unafunga soksi ya nailoni ya mwalimu wa kike, oili ya breki ikikosekana unatia maji ya sabuni unamkabidhi dereva kwa Bikira Maria, na lori linakwenda na linarudi, sasa imekuja ruksa ya biashara, kila kitu kipo, spea zimejaa mpaka zinaning’inia milangoni mwa maduka, na ushirika ndio uliokufa, tukapunguzwa, nikapewa barua na kiinua mgongo, nikanunua hili, shangingi, la mzungu wa mradi wa barabara aliyekuwa anarudi kwao, viti vya ngozi, vioo vya kubonyeza, watu wa mtaa mzima walikuja kuligusa, Lukresia peke yake hakuligusa, alisema tu angalau ingekuwa pikapu ingebeba mahindi, akaenda zake kupembua maharage, na tangu siku ile nimelala chini yake kuliko nilivyolala kitandani kwangu, vioo vilikufa nikavipigia kabari za mbao, kiti kilipasuka nikampa fundi viatu akakishona, kiyoyozi kinapuliza moto, shokapu nimevalisha za lori linaruka kama mbuzi wa kipupwe, vijana wa gereji za mjini wananiambia mzee hili la kompyuta, lipeleke Dar, nilipeleke Dar nani, mimi! na Makarius, mtani wangu, Mhehe aliyeletwa Songea na ualimu akalowea, kila asubuhi anachungulia juu ya ua, “Mngoni, babu zako walikuja kwa miguu kutoka kusini kabisa kwa Makaburu, na hawakuharibikiwa njiani hata siku moja,” na mimi humrudishia ya kwao, tunacheka mpaka bibi Oliva anauliza kuna nini, lakini leo amechungulia, amenitazama nilivyolala, ameondoka bila kusema, na mtani hanyamazi, hata msibani hanyamazi, leo kanyamaza.

“Nishikilie tu?” anauliza Lukresia huko juu, shikilia, ndiyo, shikilia kwanza, natafuta kitu, natafuta nini, sijui, natafuta pumzi, nadhiri za daima, hilo neno daima wamelitoa wapi, zile za kwanza zilikuwa za miaka mitatu, nikasema moyoni acha, miaka mitatu si mingi, kijana atachoka kuamka kabla ya jogoo kwenda kuimba zaburi, atamwona binti wa watu pale Namtumbo, atarudi, nikamwekea seti nzima ya spana ndani ya sanduku, nikazipaka grisi zisishike kutu, kila mwezi nilizifungua nikazipaka upya kama mwehu, hajarudi, wamempa gereji, ndiyo, monasteri ina gereji na trekta na mashine ya kusaga, na yeye ndiye fundi, bruda Sixbert fundi, kazi niliyomfundisha mimi, gereji tuliyokuwa tuifungue mimi na yeye hapa hapa uani, nilishachora kibao, Pankrasi na Mwanawe, kibao kiko chini ya kitanda kimegeuziwa ukutani, wameipata wao, Mungu ana wana wangapi, mimi wa kiume nilimpata mmoja, mabinti wanne, wazuri, wameolewa, wanaita watoto wao majina ya baba wa waume zao kama desturi inavyotaka, sasa jina la Pankrasi ataliita nani, mkuu wao, abate? na nikisema haya watu wanasema ah, Pankrasi una bahati, mtoto wako amechaguliwa, na mimi nasema Mungu ni mwema, natabasamu, meno yote nje, kisha nakuja hapa nalala chini ya gari nagonga chuma ambacho hakikuhitaji kugongwa. Wiki mbili zilizopita alikuja, wakampa ruhusa ya siku mbili, akavua kanzu yake nyeusi akaitundika kwenye mparachichi, akalala hapa pembeni yangu tukafunga bomba la ekzosi, bega lake na langu, kanenepa kidogo, ananuka sabuni ya kwao, akasema baba, siku ile abate atawauliza wazazi kama wananitoa kwa hiari, na anayejibu ni baba, wewe utajibu nini? nikamwambia shika hilo bomba vizuri, linapinda. Akalishika, hakuuliza tena, ni mtoto mwenye adabu, sijui nilimkosea nini hata akawa na adabu namna hiyo, angeniambia baba unanijibu au hunijibu, ningemjibu, nadhani ningemjibu, na sijui ningesema nini, nimeona wenzake wakifanyiwa, wanalala kifudifudi sakafuni mbele ya altare, wanafunikwa kitambaa kama maiti, kengele inapigwa ile ya msiba, halafu wanafunuliwa wanainuka wanacheka, mama zao wanapiga vigelegele, lakini mimi nilikuwa namtazama baba mmoja wa Mbinga, alikuwa anakunja kofia yake, anaikunjua, anaikunja, mpaka Misa ikaisha.

“Baba Sixbert.” Nini. “Alhamisi si ulinipeleka nalo sokoni?” Nilikupeleka, ndiyo, shikilia hapo. “Nimeshikilia. Si lilisimama vizuri tu, mpaka nikasema leo limesimama kama gari la askofu. Kwani Alhamisi lilikuwa na ubovu gani?” Na mimi nafungua mdomo niseme diski zilikuwa chafu, niseme safari ndefu lazima fundi akague, niseme wewe unajua nini, na maneno yote yapo, yamepanga foleni kama watu wa mgao wa sukari, na yote ya uongo, kwa sababu jana asubuhi gari lilikuwa zima, zima kabisa, ndiyo mara ya kwanza tangu nilinunue limekuwa zima wiki nzima, nikalizunguka, nikalizunguka tena, nikachukua jeki, nikatoa matairi ya mbele, nikafungua kalipa, yale mapande ya chuma yanayobana diski, yote mawili, nikayatia kwenye beseni moja la mafuta ya taa nikayasugua kwa mswaki mpaka yakang’aa, nikayarudisha, na tangu hapo breki hakuna, upepo, upepo, upepo, usiku nimelala nawaza upepo unaingilia wapi, nimebadilisha mpira, nimekaza kila kiungo, na sasa naitazama hii nati niliyoiwekea spana, kati ya pua yangu na yenyewe hapafiki hata futi moja, nati ya kutolea upepo, iko chini. Iko chini ya kalipa. Haitakiwi kuwa chini, inatakiwa kuwa juu, upepo hupanda, oili hushuka, hata anayechota maji kisimani analijua hilo, ukitoboa chini oili itatoka na upepo utabaki umekaa juu unakucheka, naweza kumpampisha Lukresia mpaka Pasaka, kalipa ya kulia nimeivalisha kushoto na ya kushoto kulia, kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza, nilishamtukana mtu kwa kosa hili mbele ya gereji nzima akaacha kazi, na mimi sikukusudia, naapa, sikukusudia… mikono hii haijawahi kukosea kulia na kushoto hata nikiwa na malaria, na nati hii nimeifungua na kuifunga mara ishirini tangu alfajiri, macho yalikuwa wapi, yalikuwa hapa hapa, yaliiona, yalinyamaza.

Na bado naweza kunyamaza, ndilo linalonitisha, nani atajua, nikiendelea hivi mpaka saa nne hakuna atakayenilaumu, gari la mtumba, watasema, mashangingi ndivyo yalivyo, pole sana Pankrasi, na kule Hanga mdogo wangu Edmund atasimama mahali pangu kwa suti yake ya kijani, atajibu kwa sauti kubwa tunamtoa kwa hiari, anapenda sana kusimama, na nadhiri zitawekwa vilevile, sitakuwa nimezuia kitu, ila nitakuwa sikusema, miaka yote iliyobaki nitajua kwamba mimi sikumtoa, walimchukua, na Sixbert amelala pale sakafuni chini ya kitambaa chake, anasikia sauti ya baba yake mdogo, anajua, ananijua, amelala na mimi chini ya magari, anajua gari likinishinda huwa linanishinda kweli au nimetaka linishinde, na atainuka acheke kama wenzake, kwa adabu yake ile, na asiniulize maisha, na mama yake huyu hapa, mtoto ni wake pia, amebeba tumbo, amekesha naye surua, anakosa siku hii kwa sababu ya nati, amevaa, amejipaka mafuta, amekaa saa mbili anapampu, na anajua, Yesu na Maria, anajua, asingeuliza Alhamisi kama hajui, amejua tangu jana aliponiona nabeba jeki, amejua na amekanyaga, amejua na ameshikilia, hakuniita mwongo mbele ya mama yangu, alikuwa ananingoja mimi nifike mwenyewe, kwa hiyo nasema, nasikia sauti yangu inagonga bodi na kunirudia usoni, halikuwa na ubovu wowote, nasema, mimi ndiye nimelifungua, nimezivalisha kalipa kinyume, nipe dakika arobaini nizibadilishe tutafika, na mimi najua sijasema lenyewe bado, hayo ni ya vyuma tu, kuku wa mama anakukurika, mama anamwambia tulia, basi nasema, sitaki aende, Lukresia, nimemwita kwa jina lake, sijamwita hivyo tangu azae, sitaki hata kidogo, na nitasimama pale niseme namtoa, na pedali haijarudi, mguu wake bado uko pale nilipomwambia auweke, halafu anajikohoza.

“Hata mimi sitaki,” anasema, kwa sauti ile ile ya tangu alfajiri. “Fanya haraka, tutachelewa.”