Hadado, Wajir, Hadado

"Ni vumbi," Abdiqani alisema kabla hata hajakaa. "Antena ya Hadado imejaa vumbi. Tumeni gari likaifute."

"Na Buna?" Ruqiya aliuliza. "Zahanati ya Buna nayo haipatikani tangu asubuhi."

"Mama, vumbi liko kote huko."

Abdiqani alivuta suruali magotini isije ikakunjamana, akaketi kwenye kiti cha Ruqiya, kiti ambacho mwanamke huyo alikikalia miaka kumi na mmoja tangu shirika la zahanati lilipomwajiri kuvuta nyaya za ofisi hii ya Garissa. Ruqiya alimtazama kama mtu anavyotazama mbuzi aliyepanda juu ya meza. Vumbi! Mtoto wa Eastleigh ya Nairobi huyu, injinia mwenye vyeti vinne na viatu visivyojua mchanga, alitaka gari lisafiri kutwa nzima likapanguse antena. Na Meneja Dubow, pembeni, alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kama alivyokubali kila jambo lililosemwa na mtu mwenye tai.

Simu ya Ruqiya iliita. Ni Samsam, muuguzi wa zahanati ya Hadado.

"Eeddo, damu haijakoma," alisema, akimwita shangazi kwa Kisomali. "Dereva amewasha gari. Anauliza, aende ama azime?"

Mama aliyelala mbele ya Samsam alikuwa na mimba ya miezi minane. Picha ya tumbo lake ilikuwa imekwisha kupigwa, ikisubiri kufika Garissa kwa Daktari Hinda, aseme kama kondo la nyuma limeziba njia ya mtoto. Likiwa limeziba, akimbizwe Wajir kupasuliwa. Kama halijaziba, kumtikisa kwenye barabara ile ni kumtafutia balaa. Na simu ya Hadado siku hiyo ilibeba sauti tu, picha ilizikataa.

"Samsam, fungua kompyuta. Ile amri niliyokufundisha, ya kufuata njia. Ielekeze Garissa, unisomee majina."

Vidole vikagonga. Kisha: "Hadado. Wajir. Hadado. Wajir. Hadado... Eeddo, inarudia tu. Niendelee?"

"Inatosha, abaayo, dada yangu."

Kwa hiyo antena ilikuwa nzima. Ruta ya Hadado, mashine ya kuelekeza mawasiliano, iliikabidhi picha kwa ruta ya Wajir, ya Wajir ikairudisha Hadado, kama makarani wawili wanaomrusha mzee mwenye fomu, nenda kule, rudi pale, mpaka ofisi zifungwe. Na Ruqiya alijua nani ameifundisha Wajir upumbavu huo. Jana jioni Abdiqani alikuwa ameiwekea amri ya kudumu: chochote kiendacho Garissa kipitie dishi jipya la setilaiti la Hadado. Dishi lenyewe lilikuwa bado ndani ya kasha, kwenye stoo ya zahanati. Kila nusu dakika Garissa iliipelekea Wajir habari kwamba njia ya kawaida iko wazi, na Wajir haikusikiliza. Ilikuwa imeamriwa.

"Nipe nywila ya ruta ya Wajir," alisema.

Abdiqani alicheka. "Hiyo si sufuria, mama. Ukiigusa utaangusha kaskazini nzima."

Kaskazini nzima ilikuwa imekwisha kuanguka, kwani zahanati zote zilipitia Wajir. Ruqiya aliona neno la kumrarua likimpanda kooni. Akalimeza. Lilikuwa chungu, lakini si kama kumbembeleza mjinga, jambo alilolifanya baada ya hapo.

"Kweli, Injinia, sisi hatukusoma. Lakini meneja hajaiona ile amri yako ya dishi. Hebu iondoe dakika moja tu, aone mambo yanavyoharibika bila yako."

Abdiqani alijiweka sawa kitini. Aliingia Wajir, akaionyesha amri yake kwa kalamu, akaifuta kwa madaha, akageuka kumtazama Dubow.

Nyuma yake, kwenye skrini, Buna ikawaka kijani. Kisha Hadado. Picha ya tumbo ikaanza kushuka, ukanda kwa ukanda, ya kijivu kama majivu ya mkaa.

Simu ya mezani ikaita. Daktari Hinda hakusalimu. "Limeziba. Mwondoeni sasa hivi."

"Aende!" Ruqiya alimwambia Samsam. "Dereva aende!"

Abdiqani alilamba midomo. "Si mnaona? Ilitaka kurifreshiwa tu."

"Mashaallah, Injinia," Dubow alisema. "Ruqiya, andika ripoti kwa makao makuu. Jina lake liwe juu kabisa."

Ruqiya hakubisha. Alivuta kibao cha herufi kutoka chini ya mikono ya Abdiqani, akaandika akiwa amesimama. *Injinia Abdiqani: jana jioni aliiamuru ruta ya Wajir itumie dishi ambalo halijafungwa. Leo ameiondoa amri mwenyewe. Zahanati zote zimerudi.* Akaituma Nairobi, nakala kwa Daktari Hinda na kwa kila zahanati, kisha akatoka bila kungoja nyuso zao.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa inasikika. Uani, aliweka simu juu ya ukuta, kioo kikiangalia mbingu, akafungua mfereji. Gari lilikuwa mahali fulani kati ya Hadado na Wajir, kwenye mchanga ambako simu hazishiki. Alinawa mkono wa kulia mpaka kiwiko, akaitazama simu, akanawa wa kushoto.