Kiti Kabla ya Kalamu

Kwa miaka ishirini na sita Mama Kiti alifundisha wauguzi katika wodi ya wagonjwa wa akili, na jina hilo wanafunzi walimpa kwa sababu ya sheria yake moja: kiti kwanza, kalamu baadaye. Usimwandike mgonjwa ukiwa umesimama mlangoni. Vuta kiti, kaa, muulize ana nini, msikilize, ndipo ufungue faili. Aliyeikiuka alirudishwa kuandika upya, hata kama machozi yanamtoka.

Katika wote hao, aliyemwingia moyoni ni mmoja, Kasuku, aliyeitwa hivyo kwa kulishika kila somo neno kwa neno. Mama Kiti alimlea pale chuoni kama mtoto wa kumzaa. Alimnunulia viatu vyeupe vya kwanza vya kazi, akamwombea nafasi ya mwalimu msaidizi, na barua ya kumpendekeza aliitia sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Ukistaajabu ya Musa, bwana!

Mumewe alipofariki, Mama Kiti alirudi kazini baada ya siku nne tu. Mchana mmoja alijibanza kwenye stoo ya dawa akamgombeza marehemu kwa sauti, kama wanavyogombezana watu waliozoeana, kwa kumwachia mlango mbovu wa jikoni na kitanda kipana. Kugeuka, Kasuku huyo hapo mlangoni.

"Sijaona kitu, Mama," alisema Kasuku, akaurudisha mlango taratibu.

Mama Kiti alimshukuru Mungu kwa kumpa mwana wa kumsitiri. Sitara gani!

Wiki tatu baadaye aliitwa ofisini. Mkuu wa chuo hakumtazama usoni. Alimsogezea karatasi mbili, akasema kuna wasiwasi, wanafunzi lazima walindwe, basi apumzike mpaka daktari ampime, na darasa lake litashikwa na Kasuku. Kasuku mwenyewe alikuwa amesimama karibu na kabati, kajitia kusoma kalenda.

Mama Kiti alivaa miwani. Kabla hajafika kwenye sahihi alishamjua mwandishi. Saa nane na dakika kumi. Maneno ya mhusika ndani ya alama za kunukuu. Hapakuwa na "nadhani" hata moja. "Kitanda chote hiki nilale na nani?" liliandikwa vilevile alivyolisema. Ndivyo alivyomfundisha. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila yeye chake alikuwa amekifundisha na kuuma.

Akilia, akitukana, lolote atakalofanya litaingia karatasi ya tatu, na hilo alilijua kuliko wote mle ndani. Basi akachomoa kalamu nyekundu mfukoni akaanza kusahihisha, kama alivyozoea. Aya kwa aya aliweka alama ya vema. Mwishoni akaandika: "Mgonjwa hakuulizwa. Rudia."

Kisha akainuka, akakikokota kiti alichokuwa amekalia mpaka kabatini, akakiweka mbele ya Kasuku.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Niulize nina nini."

Kasuku alikitazama kile kiti, akamtazama mkuu wa chuo. Hakukaa.