Hakuna Aliyefundishwa

Askari jela alizichoma arepa za Nubia Zuleta, vile vimkate vya mahindi, moja moja kwa spoku ya baiskeli, spoku ileile aliyotoka kukorogea supu ya mwanamke aliyemtangulia. Hakukuta kitu. Akamgonga muhuri wa wino mkononi, kisha akamtazama usoni.

"Wewe si mama yake Duván? Yule wa filamu?"

"Ni mwanangu."

"Mwambie asituringie. Kila nikimwomba ile ya kwenye ngazi ananuna." Akanyoosha kidole, akakipinda kifundo cha mkono, akafumba jicho moja. "'Mimi Duván Zuleta. Sali kwa kifupi, nina haraka.' Mama, dogo ana kipaji."

Uani, Duván alikuwa amekaa chini na mgongo ukutani. Mdomo wake ulikuwa umepasuka. Alikula arepa bila kuitazama.

"Nani amekupiga?"

"Wananiuliza nimeua wangapi. Nikisema sijaua, wananipiga kwa uongo. Nikisema wengi, mwendesha mashtaka anaandika." Alifuta mdomo. "Mwongozaji amekubali kuja?"

"Nitamwona leo. Anakuja kuhutubia pale maktaba."

"Aseme tu kwamba alinifundisha, mama. Kesho, mbele ya hakimu. Sitaki kingine kwake."

Mlinzi wa duka la saa alikuwa ameuawa katikati ya Medellín. Shahidi alimwona muuaji kwa upande tu, akikimbia. Polisi walimwonyesha picha, na picha waliyokuwa nayo karibu ilikuwa bango la filamu lenye uso wa Duván, lililobandikwa kila kona ya jiji. Shahidi akasema uso huo anaujua. Nani asiyeujua? Kesho filamu yenyewe ingeonyeshwa mahakamani: Duván Zuleta, kwa jina lake, ndani ya nyumba ya mama yake, akisema ameua na ataua tena. Baada ya hapo yangesomwa maneno ya mwongozaji kutoka gazetini: "Hakuna aliyefundishwa. Ndivyo walivyo."

Nubia alikumbuka nani alifundishwa, na kwa kitu gani.

Mwongozaji, Joaquín Arbeláez, alipanda mlimani msimu wa mvua, na viatu vya matembezi ambavyo havijawahi kukanyaga tope. Alikaa jikoni kwake, akanywa chokoleti yake, akasifu kuta zake za mbao zilizooza kana kwamba ndiye aliyezichagua. Bastola bandia ilikuwa haijafika. Joaquín akachukua kipekecho cha chokoleti juu ya meza, kingali kinachuruzika, akampa Duván. Duván akakishika kwa viganja viwili, kama alivyozoea tangu utotoni.

"Acha kupekecha, kaka," Joaquín alisema. "Ua."

Duván alicheka. Akajaribu kwa mkono mmoja. Alionekana kama mtu anayemnyooshea jirani kijiko.

"Siyo hivyo. Lete." Joaquín alikipinda kifundo cha mkono, akafumba jicho moja. "Hivi. Kwa dharau. Humwogopi mtu wewe."

"Umejifunzia wapi hayo?" Nubia alimuuliza.

"Kwenye filamu, mama yangu." Alikuwa amekulia ng'ambo ya bonde, kwenye mageti na mabwawa ya kuogelea. Usiku uleule alimtungia Duván na lile neno la kusali kwa kifupi. Duván alipouliza mhusika wake aitwe nani, akajibiwa atumie jina lake mwenyewe. Watu wanataka ukweli.

Ukumbi wa maktaba ulikuwa umejaa. Juu ya jukwaa kulitundikwa kitambaa chenye swali la mchana huo: Je, filamu za uhalifu zinawatukuzia vijana ukatili? Wasemaji watatu walikuwa na chupa za maji. Mtaani maji yalikuwa hayajatoka tangu Ijumaa.

Diwani alisema ndiyo. Filamu zimewaharibu watoto wetu, zamani walitaka kuwa maseremala na wauguzi. Nyuma yake, dirishani, zilionekana nguzo za shule ya ufundi aliyoahidi, zimesimama peke yake na kutu yake. Profesa akasema jambo hili ni pana. Ukatili ni lugha ya waliotengwa, akasema, akionyesha kwa mkono viti vya nyuma, ambako waliotengwa walikuwa wamekaa wanamsikiliza.

Joaquín alishika kipaza sauti mwisho. Alikuwa mnyenyekevu sana.

"Mimi sikutukuza wala sikulaani. Nilipanda na kamera tu. Nilichokikuta ndicho mlichokiona."

Nubia alisimama kabla ya kuruhusiwa. Msichana wa maktaba akamkimbilia na kipaza sauti cha pili.

"Joaquín, ulikuta nini jikoni kwangu?"

Joaquín alimtambua, akatabasamu kwa ukumbi mzima. "Huyu ni mama yake Duván, jamani. Mpigieni makofi."

Wakapiga.

"Ulikuta kipekecho," Nubia alisema makofi yalipotulia. "Mwanangu alikuwa hajui kukishika isipokuwa kwa kupekechea chokoleti. Ukamnyang'anya ukamwonyesha mkono unavyopindwa. Yale maneno ya kusali uliyatunga wewe, nikiwa nakuoshea kikombe. Njoo kesho umwambie hakimu hivyo. Mwambie ulimfundisha."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ee, mwambie."

"Mmesikia wenyewe," diwani aliingilia. "Hata mama mzazi anakiri kwamba filamu ndiyo iliyomharibu mwanawe."

"Hakuharibika. Sijasema ameharibika, hajaua mtu—" Lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshaondolewa, na profesa alikuwa akiushukuru ushuhuda huu wenye nguvu.

Makofi yakarudi, safari hii watu wamesimama. Joaquín akashuka jukwaani, akamkumbatia Nubia mbele ya simu zote zilizoinuliwa. Alinukia vizuri. Akamnong'oneza sikioni huku bado akitabasamu:

"Mama, elewa. Ulaya wameinunua kwa sababu hakuna aliyefundishwa. Nikisimama mahakamani nikasema niliwafundisha, sina filamu tena."

"Na mimi nitakuwa sina nini?"

"Filamu yenyewe itamtetea. Mtu yeyote akiitazama atauona utu wake."

"Mwendesha mashtaka ameshaitazama."

Joaquín alimwachia taratibu. Akamshika mabega, akamkagua uso kama fundi anayepima mlango. "Laiti ungekuwa mbele ya kamera," alisema, na ilionekana anamaanisha. "Una kitu, mama. Hakifundishiki."

Kijana mmoja mwenye miwani akamwomba Nubia wapige picha. Akamwomba pia ainue ule mkono wenye muhuri wa jela, uonekane.

Alipanda ngazi za mtaa akiwa na bakuli tupu la arepa. Kwenye ukuta wa nyumba yake kulikuwa na bango jipya, gundi bado mbichi. Uso wa Duván ulikuwa uleule. Chini yake walikuwa wameongeza mstari: *Mhusika mkuu sasa yuko gerezani. Hakuna aliyeigiza.*

Mbele ya bango watoto walikuwa wanagombana.

"Wewe ulikuwa Duván jana. Leo mimi."

"Wewe hujui kushika."

"Najua. Tazama." Binti wa jirani, meno ya mbele yameng'oka, akainua kipande cha mbao. Akakipinda kifundo cha mkono. Akafumba jicho moja. Ulikuwa mkono wa Joaquín Arbeláez, bila kasoro. "Mimi Duván Zuleta. Sali kwa kifupi, nina haraka."

Mwenzake akaanguka kwenye ngazi, akalala ametanua mikono. Wengine wakangoja. Kitu kilikuwa kimepungua.

"Nani analia sasa? Mama yake maiti nani?"

Wakatazamana. Kisha wote, pamoja na maiti, wakamgeukia Nubia.

"Yuko pale," yule binti alisema. Akasogea kando kumwachia nafasi karibu na maiti. "Mama, anza."