Besi ya Joash na Siri ya Kampuni

"Madam, hiyo kadi inafanya na Windows peke yake. Hiyo Linux yenu, hata sisi hatuijui. Sahau."

Hadi leo nikikumbuka maneno hayo damu inanichemka. Aliyeyasema alikuwa wakala wa watengenezaji wa kadi ya sauti iliyokuwa ndani ya kompyuta yangu, kijana wa tai nyekundu, ofisini kwake Kisumu, akizungusha kiti. Nilikuwa nimetoka Homa Bay alfajiri ili kumwona, na hata maji hakunikaribisha.

Kaka yangu Joash alikuwa mpiga kinanda wa bendi pale Homa Bay, mpaka kiharusi kilipomlaza mkono wa kushoto mwanzoni mwa mwaka 1998. Huo ndio uliokuwa mkono wa besi, ile sauti nzito ya chini. Jeff, kiongozi wa bendi, alimwambia mbele ya wenzake, "Omera, na mkono moja utapiga nini? Harusi ya Ndhiwa ndio ya mwisho. Kama hakuna besi, natafuta mtu mzima." Mtu mzima! Joash ndiye aliyemfundisha huyo Jeff kushika gitaa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo cha makarani. Nikamwambia kaka yangu, wewe piga kwa mkono wa kulia, besi niachie mimi. Nikaunganisha kinanda na kompyuta kwa waya, nikatumia programu ya muziki ya Windows tuliyokuwa nayo chuoni, na besi ikalia vizuri. Joash alicheka kwa mara ya kwanza tangu augue.

Tulipoipeleka mazoezini tukaaibika. Katikati ya wimbo mpiga ngoma akapaza sauti kufanya pakruok, yaani kusimamisha muziki ili ajisifu yeye na ukoo wake. Bendi nzima ikanyamaza. Besi yangu ikaendelea peke yake, dum dum dum, juu ya majina ya babu zake. Sisi watoto wa Kijaluo, tuliolelewa na pakruok kila penye ngoma, hatukulifikiria jambo hilo hata kidogo! Jeff alicheka mpaka akashika ukuta.

Ile programu ilikuwa imefungwa, hairuhusu mtu kubadilisha kitu. Na Linux je, ule mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta? Rafiki yangu alikuwa ameniletea CD yake kutoka Nairobi, na programu zake ziko wazi, ukijua kuziandika unazirekebisha utakavyo. Shida ni kwamba kwenye Linux ile kadi ilikuwa bubu kabisa. Ndipo nikaenda Kisumu kuomba maelezo tu, jinsi kadi inavyoamshwa, kazi nyingine ningeifanya mwenyewe.

"Hiyo ni siri ya kampuni," akasema yule kijana.

Siri! Kadi ni yangu, iko kwangu, halafu siri ni yao. Huko ni kuuziwa ng'ombe ukakatazwa kujua chuchu ziko wapi. Nikamwambia hivyo hivyo, akaniomba nitoke.

Nilirudi nimevimba kwa hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyonikalisha mbele ya mashine. Nilijaribu kila nilichojua, kadi ikakaa kimya. Halafu alasiri moja pale chuoni nikawasha kompyuta kwa DOS, ule mfumo wa zamani, na humo programu ndogo ya kampuni yenyewe ikaiamsha kadi kama kawaida. Kutoka hapo nikaingia Linux moja kwa moja bila kuzima umeme. Besi ikalia! Kadi ilikuwa imeshaamshwa na wenyewe, na Linux ikaikuta macho. Nilipiga kelele mpaka wanafunzi wakaja mbio.

Yaliyobaki yalikuwa ya kuandika tu. Niliirekebisha programu ya muziki ya Linux isikilize kanyagio la kinanda. Joash akikanyaga, besi inanyamaza; akiachia, inaendelea pale pale ilipoishia.

Harusini Ndhiwa, Jeff aliona kompyuta ikishushwa akanikonyeza kwa kejeli. Wimbo ulipokolea, mjomba wa bwana harusi akanyanyua fimbo. "Weuru awuo!" Niacheni niseme! Mguu wa Joash ukashuka. Kimya. Mzee akajisifu, akawasifu ng'ombe wake, akasifu hata kilima cha kwao, tena bila haraka. Alipomaliza, mguu ukainuka na besi ikarudi, na akina mama wakapiga vigelegele.

Kisha Joash mwenyewe akakanyaga. Akashika maikrofoni, mdomo bado umepinda kidogo. "An Joash, wuod Filister!" Yaani mwana wa mama yetu. "Mkono wangu umelala, lakini Phelesia nyamera, dada yangu, hajalala!" Nililia mbele za watu, na sikuona haya.

Tukiwa tunakunja waya, Jeff akaja, mpole ghafla. "Phelesia, dada yangu, hii mashine ni kali. Sasa si utuachie? Tutakuwa tunaikanyaga wenyewe. Joash apumzike tu nyumbani."

Joash alikuwa nyuma yake, amesikia kila neno, mkono wake mzima ungali juu ya kinanda.

"Bila Joash haifanyi," nikamwambia.

"Kwani inawashwa aje?"

"Hiyo ni siri ya kampuni," nikasema, nikachomoa waya wa mwisho, nikambebesha Jeff kompyuta mpaka kwenye gari letu.