Chumba Kilichokuja na Diski

Prudence alikuwa jikoni anamenya makemba, ndizi za kupika na kuponda lituma, pale fundi Zuberi alipochomeka diski mpya sebuleni, na mlango ukatokea ukutani, kati ya friji na kabati la sahani. Ulikuwa mlango wa mbao, wa rangi ya kahawia kama mingine ya nyumba ile. Prudence akasogeza ndoo ya maganda ili mlango usiigonge ukifunguliwa.

Kisha diski ikalia tik-tik, mlango ukaondoka, ukuta ukabaki na masizi yake ya siku zote.

"Inaonekana, inapotea," Zuberi alisema kule sebuleni. "Papa, hii kasha yako haipe diski umeme ya kutosha."

Kasha hilo lilikaa chini ya televisheni. Papa Muhindo, mfanyabiashara wa jumla mwenye asili ya Butembo, alikuwa amelinunua ili sinema na picha za nyumba nzima zikae mahali pamoja, kila mtu azifungue kwa simu yake kupitia wifi. Sasa lilikuwa limejaa. Ndiyo maana alileta diski ya nje, ile ya kuchomeka nyuma kwa waya wa USB: aongeze nafasi.

Neno hilo Prudence alilijua vizuri. Mama yake, Mama Germaine, alikuwa anaishi ng'ambo ya mto, Lubunga, kwenye baraza ya watu ambao sasa walikuwa wanataka baraza yao. Prudence, aliyekuwa mfanyakazi wa nyumba hii ya Kabondo, alikuwa ameomba mama aje kulala naye, hata kama ni jikoni. Mama Kanyere, mke wa Papa, alimjibu bila ubaya wowote: "Sisi hatukatae, Prudence. Ni nafasi ndiyo haiko."

Zuberi alibadilisha waya, akaweka mfupi. Mlango ulirudi, ukakaa kidogo, ukaondoka. Akajaribu tundu lingine la kasha. Ikawa vilevile. Mwishowe akatoa mfukoni kigawio cha USB, kile cha kuongeza matundu, kinachovuta umeme wake chenyewe kutoka ukutani, akakiweka kati ya kasha na diski. Tik-tik ikanyamaza. Mlango ukarudi, na safari hii ukabaki.

Mama Kanyere aliufungua. Ndani kulikuwa na chumba kitupu chenye sakafu ya simenti, kipana kupita sebule.

"Bon," alisema. "Sasa nafasi iko."

Prudence akaweka kisu chini. "Mama, donc mama yangu anaweza kuvuka?"

Mama Kanyere alimtazama mume wake. Papa Muhindo alilitazama kasha. "Avuke tu," alisema. "Lakini asiguse waya."

Mama Germaine alivuka kwa mtumbwi, akapanda toleka, teksi ya baiskeli, akafika na mkeka na sufuria. Aliingia chumbani, akavua viatu, akasema sakafu iko baridi vizuri. Kesho yake umeme ulikatika naye yuko ndani anachambua pondu, majani ya muhogo. Mlango ukaondoka naye.

Prudence alisimama mbele ya ukuta na kikombe cha chai ya mama mkononi, mpaka Mama Kanyere akamwambia aache kuziba njia ya friji. Umeme uliporudi, mlango ulirudi, na Mama Germaine alikuwa palepale, jani lilelile mkononi.

"Mama, ulipotea!"

"Mimi? Mimi niko hapa nimekaa. Ni ninyi mulipotea, nyumba muzima na wenyewe. Nikasema, eh, hawa watu wa Kabondo hawajue kuaga."

Hata Papa Muhindo alicheka. Zuberi akaitwa, akafunga betri ya akiba, na tangu hapo hakuna aliyepotea tena.

Ndipo Victoire, binti wa Papa aliyekuwa ametoka kuolewa, alianza kuweka picha za ndoa yake kwenye diski. Ukuta wa nyuma wa chumba ukasogea mbele. Mama Germaine akasogeza mkeka. Victoire akaweka video ya dote, siku ya kutoa mahari, ya kanisani, ya karamu, na ile picha ya tonton, mjomba mmoja aliyefumba macho, ambayo aliiweka mara mbili bila kujua. Ukuta ulikuwa unakuja polepole, bila kelele, kama mtu anayeomba njia sokoni. Kila Prudence alipopeleka chakula alimkuta mama amekunja miguu kidogo zaidi.

"Mama Kanyere, kule ndani mama yangu anabanwa."

"Nani anamubana? Hakuna mutu anamufukuza. Tunaweka tu picha."

Zuberi alipopita kuangalia betri, Prudence alimwonyesha simu yake. Ilikuwa inaona kila kitu: keki, vitambaa, tonton na macho yake.

"Kaka Zuberi, huyu tonton amelala mara mbili. Nifute moja, mama apate hata pa kuweka mguu."

Zuberi alibonyeza. Simu ikakataa. Akabonyeza tena.

"Iko hivi," alisema. "Papa, Mama na watoto wao wanaweza kutia na kutoa. Wewe ulipewa kutazama tu."

"Nani alinipa?"

"Ni mimi niliandika. Lakini ni wao walisema."

"Alors badilisha."

"Neno la siri iko na Papa."

Prudence alimngoja Papa Muhindo amalize kula. Alipomweleza, Papa alinawa mikono kwanza. "Nifute ndoa ya mutoto wangu?" aliuliza. Hakuwa amekasirika. Alitaka kujua kama amesikia vizuri. Prudence akatoa sahani.

Ilipobaki nafasi ya mtu kusimama, Mama Germaine alitoka ubavuubavu, mkeka kwapani, sufuria kichwani. Alipitia sebuleni ambako watu walikuwa wanatazama karamu, akashukuru kila mtu kwa mkono.

"Karibu tena, Mama," Papa Muhindo alimwambia, na alimaanisha, "nafasi ikipatikana."

Baadaye alinunua diski ya pili, kubwa kuliko ile ya kwanza. Zuberi aliiunganisha mara moja bila shida, na mlango mwingine ukatokea karibu na jiko. Chumba chake kilikuwa na dirisha. Papa Muhindo alileta magunia ya maharagwe kutoka depo, akayapanga hadi dari.

"Papa, na mama yangu?" Prudence aliuliza.

"Si unaona mwenyewe, Prudence? Maharage."

Kazi ya kufagia humo alipewa yeye. Kabondo haiko kando ya mto, lakini alipofungua dirisha lile aliona ukingo wa Lubunga, karibu kabisa. Mama yake alikuwa ameinama majini, anasugua sufuria ya watu asiowajua Prudence, na mwanamke mmoja nyuma yake alikuwa anamwonyesha kwa kidole pale ambapo bado ni peusi. Prudence aliita. Mama hakuinua kichwa. Aliita tena, na sauti haikupita dirishani.

"Funga hiyo!" Mama Kanyere alisema kutoka jikoni. "Maharage itashika unyevu."

Akafunga. Kesho yake alianza kufagia chumba hicho kabla ya vingine vyote.