Kitambulisho cha Kaka

Mama Mikate alipomwona kaka yake amesimama mlangoni pa ofisi ya usajili wa magari, ameoga, amepiga pasi, anatabasamu hadi magego yanaonekana, moyo ulimfanya paa. Alikuwa amemleta baba yao kubadilisha jina kwenye kadi ya gari. Jina la nani, baba hakusema. Alichosema ni, "Chukua kitambulisho twende," naye akajipa moyo. Kumbe na kaka ameambiwa aje na chake; alikuwa amekishika mkononi.

"Shikamoo baba," kaka akaamkia, kisha akamgeukia dada yake. "Ahsante kwa kumleta mzee. Sasa nipo, ukitaka kurudi kwenye mikate yako, rudi tu."

"Sina haraka," Mama Mikate akadanganya.

Kaka huyu aliitwa Bosi tangu utotoni, ingawa hajatokea mtu hata mmoja aliyefanya kazi chini yake. Alikuwa kifungua mimba, tena mwana wa kiume peke yake, na mambo hayo mawili aliyavaa kama vyeo. Roho yake haikuwa mbaya. Ila alizoea kwamba cha baba ni chake, na hakuna aliyewahi kumkatalia.

Gari lilikuwa la baba yao, Mzee Rangi, fundi wa kupaka nyumba. Macho yalianza kumtupa mkono, na siku aliposhusha kioo akausalimia mti akidhani ni jirani, aliacha kuendesha mwenyewe bila kuambiwa. Tangu hapo gari liliendeshwa na binti yake, aliyekuwa na tanuri la mikate nyuma ya nyumba. Kila alfajiri alizungusha mikate madukani. Matairi alinunua yeye, betri yeye, na likikohoa njiani ni yeye aliyelala chini yake na gauni lake. Lakini mara kwa mara simu ililia: "Leo gari la baba nalihitaji." Bosi ana mgeni, Bosi ana harusi, Bosi ana shughuli isiyo na jina. Mikate ikabaki kwenye trei ikakauka, na wenye maduka wakaanza kununa. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na Mama Mikate alikuwa amechoka kutembea huku amejishika nyuma.

Kuomba hakuweza. Utamwombaje mzazi gari lake akiwa hai? Ni kama kumuuliza atakufa lini. Basi alinyamaza, mwaka ukapita, na mwingine.

Mkaguzi akatoka nje na karatasi zake, mwanamke mwembamba aliyechomeka kalamu kwenye nywele. Akalizunguka gari, akasoma kadi, akalizunguka tena.

"Kadi inasema gari jeupe. Hili ni la kijani."

"Jeupe lipo," Mzee Rangi akasema. "Liko chini."

Mkaguzi akamtazama Mama Mikate, naye akaona bora aeleze. Baba yake hakuwahi kutupa rangi iliyobaki. Kila alipomaliza nyumba, kilichosalia ndooni alilipaka gari lake, kwa brashi, akiwa amekaa juu ya kigoda na kuimba. Mtaani watu walijua kazi aliyotoka kuifanya kwa kulitazama tu gari.

"Rangi tutarekebisha kwenye kadi," mkaguzi akasema, akijizuia kucheka. "Fungua boneti nione namba ya chasisi."

Boneti ikafunguliwa. Mahali pa namba palikuwa laini kama ukuta wa sebule.

"Mzee! Mpaka huku ndani?"

"Kutu haichagui pa kuanzia, mwanangu."

"Bila namba siwezi kupitisha. Rudini siku nyingine."

"Basi tuahirishe," Bosi akadakia. "Kwani kuna haraka gani? Kadi ni karatasi tu, gari si lipo?"

Mama Mikate alijua siku nyingine katika familia yao maana yake ni kamwe. Akafungua buti, akatafuta kwenye kikapu cha zana za baba yake, akapata kipande cha msasa, akakunja mikono ya gauni na kuinama. Akasugua. Kijani kikatoka, ikaja njano.

"Imefika wapi?" baba akauliza, maana hakuona.

"Njano, baba."

"Hiyo ni shule. Sugua."

"Sasa waridi."

"Lo! Yule mjane. Alinibadilishia rangi mara tatu, mwisho akarudia ile ya kwanza. Sugua, sugua."

Ikaja samawati ya zahanati, ikaja kahawia ya nyumba ambayo mwenyewe alihama kabla haijakauka, na mzee akawa anacheka peke yake. Hata Bosi alijikuta ameshika boneti isimwangukie dada yake, akisema, "Hiyo kahawia naikumbuka, niliiegemea na shati jipya!" Mwishowe chuma kikaonekana, na namba juu yake. Mkaguzi akaweka karatasi, akapitisha penseli juu yake hadi tarakimu zote zikatokea, kisha akawaita dirishani.

"Mmiliki mpya ni nani?"

Bosi akakohoa kidogo, akaweka kitambulisho chake mezani. Mama Mikate alikuwa amekishika chake ndani ya mkoba. Vidole vilikataa kukitoa.

Mzee Rangi akapapasa meza, akakipata kitambulisho cha mwanawe, akakisukuma pembeni.

"Hiki ni cha shahidi," akasema. "Mmiliki ni binti yangu."

"Shahidi?" Bosi akauliza.

"Ndiyo, wewe. Nikiondoka kesho, asije mtu akasema mzee alikuwa haoni, akasainishwa asichokijua. Macho yangu mabovu. Yako mazima. Tazama vizuri, halafu weka sahihi."

Bosi akamtazama baba, akamtazama dada yake aliyekuwa na vumbi la rangi hadi kwenye nyusi. Kisha akaguna, akacheka kwa kushindwa kujizuia. "Mzee, umenifunga bao nikiwa golini," akasema, akatia sahihi.

Mama Mikate alilia palepale dirishani, bila aibu. "Baba, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungemwachia kaka yako. Nakujua."

Alijua kwamba ni kweli, na hilo likamzidishia machozi. Mkaguzi akagonga muhuri, akaandika jina la binti, na mzee akamtaka mkaguzi alisome kwa sauti. Akalisoma. Mzee akataka tena.

Nje, Bosi alitembea kando ya dada yake huku akikuna kichwa.

"Jumamosi nalihitaji ga..." Akasita. Baba alikuwa amesimama kimya, uso kaupeleka upande wao. Bosi akaanza upya. "Dada, naomba gari Jumamosi."

Maishani mwake mwote hakuwahi kumwomba kitu. Mama Mikate alitaka kusema chukua tu kaka, kama alivyozoea. Neno lilishafika kwenye ulimi.

"Jumamosi nina mikate," akasema. "Lichukue Jumapili."