Siku Kipaza Alipokalia Kiti cha Spika

Shuleni walimwita Kipaza, na jina hilo hakulipata kwa kuokota. Dada mkuu huyu alikuwa na sauti ya kuamsha bweni zima bila kengele, na ulimi usiojua kulala. Ukianza kumsimulia jambo, anakumalizia. Ukitafuta neno, yeye ameshalipata, kalitamka, na keshapita mbele kwenda kwenye jingine. Mama yake, muuguzi, alikuwa akisema kwamba watoto wengine huzaliwa wakilia, ila huyu wake alizaliwa akiwa katikati ya maelezo.

Baba yake alikuwa fundi redio. Meza yake ya kazi ilikuwa palepale sebuleni, imejaa nyaya, skrubu na matumbo ya redio za watu, na kila redio iliyopona aliijaribu kwa matangazo ya Bunge. Alisema hakuna kipimo kizuri cha redio kama watu wazima wakibishana kwa pamoja. Kwa hiyo Kipaza alikua akizijua sauti za waheshimiwa kama wenzake wanavyozijua sauti za majirani. Siku aliporudi na habari kwamba viongozi wa wanafunzi wa shule mbalimbali wamealikwa mji mkuu, na kwamba watafanya mjadala wao ndani ya ukumbi wa Bunge lenyewe, baba aliweka chini chuma cha kulehemu, akavua miwani.

"Ndani kabisa?"

"Ndani kabisa, baba. Kwenye viti vyao."

Mdogo wake wa kike akataka kujua kama Spika wa huko ni mkubwa kuliko spika za baba. Nyumba nzima ikacheka, na mama, aliyekuwa anajiandaa kwenda zamu, akasema spika za baba angalau zina swichi ya kuzimia, huyu dada yako hana.

Hoja ya mjadala ilitangazwa mapema: viranja wachaguliwe na wanafunzi wenyewe kwa kura, badala ya kuteuliwa na walimu. Kipaza aliipenda tangu alipoisikia. Alitaka yeye ndiye awe mtoa hoja. Akaandika hotuba, akaifuta, akaiandika upya, akaikariri mbele ya kioo, mbele ya baba, na mbele ya mama aliyerudi kazini macho mazito, akasikiliza mpaka mwisho kabla ya kwenda kulala. Mpaka siku ya safari ilipofika, hata mdogo wake aliweza kuisema hotuba ile bila kukosea.

Kutoka shule yao walikwenda watatu: Kipaza, mwalimu wa uraia, na kaka mkuu, kijana mmoja mpenda kanuni ambaye wenzake walimbandika jina la Wakili. Walisafiri kutwa nzima, na jua lilipoanza kupoa basi likaingia mji mkuu. Kipaza akanyamaza. Wakili alimtazama mara mbili kuhakikisha kama yu mzima. Barabara zilikuwa pana kiasi kwamba watu wa upande wa pili walionekana wadogo. Majengo ya wizara yalisimama yamejitenga, kila moja na uwanja wake na bendera yake, kama wazee waliokwisha gawana mirathi wala hawana tena cha kugombania. Yale majina aliyozoea kuyasikia redioni, Hazina, Mahakama Kuu, Ikulu, kumbe yalikuwa na milango, na madirisha, na wafagiaji.

Walipangiwa kulala katika chuo cha ualimu. Kwenye chumba cha kulia, Kipaza alikaa mkabala na msichana mmoja mrefu mno, ambaye wenzake wa shule yake walimwita Twiga. Wakasalimiana. Kipaza akamuuliza yeye ni kiongozi gani huko kwao.

"Mimi ni k... k..."

"Katibu?"

Twiga akatikisa kichwa. "K... k..."

"Kiranja wa maktaba? Kapteni wa michezo?"

Msichana yule akafumba macho, akavuta pumzi, na neno likatoka lenyewe, taratibu. "Kiongozi mkuu."

Kipaza aliona haya kidogo, lakini haya zake hazikuwa na maisha marefu. Kabla chai haijapoa alikuwa amekwisha mhadithia mwenzake safari nzima, pamoja na sehemu ambazo Twiga naye alizipitia mwenyewe.

Kulipokucha wakapelekwa Bungeni. Mlangoni walipokewa na mpambe wa Bunge, mtu wa kifua kipana, aliyevaa glavu nyeupe na viatu vilivyong'aa mpaka ukaweza kujiona. Alizungumza kwa sauti ya chini, na wao bila kuambiwa wakazishusha zao.

"Ukiingia, unainamia kile Kiti," alisema. "Huinamii aliyekikalia. Hata kikiwa kitupu, unainama."

Akausukuma mlango.

Kipaza alikuwa amejenga ukumbi huo kichwani mwake kwa miaka, kwa sauti tu, na akaona sasa kwamba alikuwa amejenga kibanda. Dari lilikuwa juu sana, na mwanga ulishuka kutoka huko kama maji yanavyochujwa. Zulia lilimeza nyayo; umati wa wanafunzi uliingia na hakuna aliyejisikia akitembea. Viti vya ngozi ya kijani vilipanda safu kwa safu pande zote mbili, vikitazamana, na mbele ya kila kiti kulikuwa na kipaza sauti chembamba kilichoinamisha shingo. Kulinukia nta ya mbao. Na huko mbele, juu ya ngazi, chini ya nembo ya taifa, palikuwa na kile Kiti.

Msichana mmoja alikuwa anafuta machozi na hakuweza kueleza yanatoka wapi. Mwalimu wa uraia, aliyefundisha habari za mahali hapa tangu ujana wake, alisimama kando ya mlango mikono nyuma. Kipaza akagundua kwamba naye mwalimu alikuwa anaingia humo kwa mara ya kwanza.

Kisha ikaja kura ya kugawana nafasi. Karatasi zilikunjwa, zikatiwa kwenye mfuko, mpambe akaupitisha. Kipaza akachomoa yake akiomba kimoyomoyo iandikwe "Mtoa hoja". Akaikunjua. Iliandikwa "Spika".

Wenzake wakampigia makofi. Yeye alihisi kama mtu aliyekwenda kisimani na ndoo, akapewa kisima na kunyang'anywa ndoo. Akamfuata mama mmoja mwenye joho jeusi, katibu wa mezani, ambaye siku zote hukaa mbele ya Spika na kumshauri juu ya kanuni.

"Samahani, mama. Spika anahutubia wakati gani?"

"Hahutubii, mwanangu."

"Hata kidogo?"

"Anawapa wengine nafasi. Akitaka kuchangia hoja, basi ashuke, mwingine apande." Yule mama akamtazama. "Ulikuwa umejiandaa, eh?"

Kipaza akaitikia kwa kichwa. Karatasi ya hotuba ilikuwa kwenye mfuko wa sketi, imekunjwa vizuri, na huko ikabaki.

Akazipanda zile ngazi. Alipogeuka na kukaa, ukumbi mzima ulikuwa umesimama, umeinamisha kichwa kumwelekea. Wakili alikuwa ameinama. Mwalimu wake alikuwa ameinama. Mwili ukamsisimka kuanzia kisogoni mpaka miguuni, na akakumbuka maneno ya mpambe kwamba huinamiwi wewe. Hilo halikupunguza chochote. Likazidisha. Aliona kama amewekwa mbele ya kitu kikubwa kilichokuwepo kabla yake, na ambacho kilikuwa kimeuazima uso wake kwa asubuhi moja.

"Tukae," alisema, na sauti yake, iliyozoea kufoka, ilitoka ndogo na ikafika kila kona.

Mjadala ukaanza. Kila mzungumzaji alipewa dakika tatu. Mtoa hoja, kijana wa miwani, aliacha nje hoja tatu nzuri, na zote Kipaza alikuwa nazo mfukoni. Akauma ulimi. Wakili, aliyeangukia upande wa kupinga, alisema vizuri kuliko wote: kwamba walimu huchagua kwa busara, ila wanafunzi watamchagua anayewachekesha, na shule haiendeshwi kwa vichekesho. Akapigiwa meza kwa shangwe.

Ndipo Twiga akasimama.

"Mheshimiwa S... S..."

Kile kipaza sauti kilichukua ile herufi moja na kuitandaza ukumbi mzima. Mtu wa safu ya nyuma akacheka puani. Mwingine akamfuata, na kicheko kikapita safu kwa safu kama moto kwenye nyasi kavu. Twiga alisimama palepale, mkono umeshika ukingo wa meza. Kipaza aliliona lile neno, aliliona kabisa, limekwama mlangoni. Na midomo yake mwenyewe ikaanza kujikunja kumsaidia. Akaifunga kwa nguvu.

"Utaratibu," alisema. Kicheko kikakatika.

Twiga akaanza tena. Aliendelea pole pole, akisimama, akivuta pumzi, na hakuwa amefika mbali pale Wakili aliponyanyuka.

"Mheshimiwa Spika, kuhusu utaratibu. Kanuni inasema dakika tatu. Muda wa mzungumzaji umekwisha."

Ilikuwa kweli. Saa ya ukutani ilisema hivyo. Katibu wa mezani aligeuka, akainua macho, na Kipaza akainama kumnong'oneza.

"Mama, nifanyeje?"

"Kanuni ameisema sawasawa," yule mama akanong'ona. "Namna ya kuitumia, hiyo ni kazi ya Kiti. Na leo Kiti ni chako."

Ukumbi ulikuwa umenyamaza, unasubiri. Siku nyingine Kipaza angekuwa amekwisha jibu kabla swali halijaisha. Sasa alikaa kimya akifikiri, na kadiri alivyokaa ndivyo alivyouona ule ukimya ukikua, ukipanda mpaka darini, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuuvunja.

"Mheshimiwa amesema kweli, ni dakika tatu," alisema hatimaye. "Lakini dakika tatu ni za mzungumzaji. Muda uliotumiwa na waliocheka si wake. Na huu unaoutumia wewe umesimama, huo nao si wake. Kiti kinamrudishia muda wake wote. Mheshimiwa mzungumzaji, endelea."

Wakili akafungua kinywa, akafikiri, akainama, akakaa. Katibu wa mezani alirudi kutazama mbele, lakini mabega yake yalionekana kama ya mtu anayetabasamu.

Twiga akasema. Itakuwa kazi bure kuandika kila pahali alipokwama, kwa kuwa baada ya muda mfupi hakuna aliyekuwa anapasikia.

"Mimi nilichaguliwa kwa mzaha," alisema. "Shuleni kwetu tulipiga kura, wenzangu wakanipa mimi ili wacheke. Kiongozi mkuu ndiye anayesoma matangazo asubuhi. Walitaka kunisikia nikisoma."

Akavuta pumzi. Ukumbi ukamngoja.

"Walicheka. Kesho yake wakacheka tena. Nikaendelea kusoma, maana matangazo lazima yasomwe. Ikafika siku wakachoka kucheka, wakaanza kusikiliza. Mheshimiwa aliyetangulia amesema wanafunzi huchagua vichekesho. Ni kweli, mimi ndiye kichekesho chenyewe. Amesema pia walimu huchagua kwa busara. Hilo nalo kweli. Walimu wangu wananipenda sana. Na kwa kunipenda, wasingenichagua kamwe. Wangenionea huruma. Kwa hiyo naomba tuachiwe kura yetu, hata kama kuna siku tutaitumia vibaya. Mimi kazi yangu nilipewa na kura mbaya."

Akakaa.

Mpambe, aliyesimama mlangoni kama nguzo, alikuwa ameinamisha uso. Kisha ukumbi ukaanza kupiga meza, upande wa kuunga na upande wa kupinga, mpaka vile vipaza sauti vyembamba vikatetemeka shingo.

Muda wa kuamua ulipofika, Kipaza alisimama.

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

Ndiyo ilikuwa kubwa.

"Wasioafiki waseme siyo."

Siyo nayo haikuwa ndogo, na sauti ya Wakili ilisikika ndani yake, imara, bila aibu.

"Walioafiki wameshinda," alitangaza Kipaza, na kwa maneno hayo kazi yake ikaisha. Hoja yenyewe aliyoipenda ilikuwa imepita bila yeye kuiongezea hata neno moja.

Nje, kwenye ngazi za mbele, Wakili alimfikia.

"Bado naamini walimu wanajua zaidi," alisema. "Ila uamuzi wako ulikuwa sahihi. Na sipendi kulisema hilo, kwa hiyo sitalirudia."

"Nimesikia mara moja, yatosha."

Twiga alikuwa amekaa kwenye ngazi, miguu yake mirefu ameikunja, ameachia jua limpige usoni. Kipaza akakaa kando yake.

"Nilitaka kukumalizia lile neno," alikiri.

"N... najua. Nilikuwa naangalia mdomo wako. Ulikuwa umejaa."

Wakacheka mpaka mwalimu akageuka kuona kuna nini.

Mchana waliruhusiwa kupanda kwenye ukumbi wa wageni, juu, kutazama kikao cha wakubwa. Waheshimiwa waliingia wakiinama mmoja mmoja. Mwishowe Spika mwenyewe akaingia, mtu mzima mwenye mvi, na ukumbi wote ukasimama. Alipoketi, Kipaza alijua kabisa mgongo wake unahisi nini wakati ule, na mwili ukamsisimka kwa mara ya pili siku hiyo. Waheshimiwa wakaanza kurushiana maneno, sauti zilezile alizokua nazo sebuleni. Yeye hakuzifuata sauti hizo. Alimtazama yule mzee aliyekaa juu yao wote, kimya, akisikiliza, mkono mmoja shavuni.

Twiga akamgusa bega. Alikuwa na jambo la kusema na neno la kwanza lilikuwa limegoma. Kipaza alimwinamia, sikio karibu, macho yakiwa bado kwenye kile Kiti, akangoja.